Hajiri wa barabara kuu



Nilikuwa njiani kwenda Singida kwenye semina ya wazee wa kanisa, basi letu likapata hitilafu tulipoingia Manyoni. Ilikuwa yapata saa mbili usiku. Fundi alisema tusubiri, tukajua maana yake ni saa nzima au zaidi, tukasogea kwenye sehemu ya chakula iliyokuwa wazi. Kusema kweli ilikuwa baa yenye jiko la chipsi nje. Niliagiza ugali na kuku wa kienyeji. Umefika Singida hukula kuku wa kienyeji, umefuata nini?

Binti aliyenihudumia sidhani kama alikuwa amefika miaka 20. Alinipa shikamoo ya heshima, akapiga goti kidogo aliponimiminia maji ya kunawa, kama wanavyofundishwa mabinti wetu vijijini. Dakika chache baadaye nilimwona kwenye meza ya pili. Mteja mmoja alikuwa amemnunulia bia na kumshika mkono. Binti aliomba airudishe kaunta apewe hela yake, kama wanavyofanya wahudumu wengi. Mteja alikataa. Alitaka ainywe palepale, amwone anakunywa. Akanywa. Ikaja ya pili.

Basi likatengemaa tukaondoka. Nilipokuwa nimeshalala gesti mjini Singida ndipo lilinijia: sikumwuliza jina. Muda wote nilimwita "dada," kama kila mtu pale, pamoja na yule wa meza ya pili.

Usingizi ulipogoma nilifungua Mwanzo sura ya 16. Tunaisoma habari ile kama habari ya Abramu na Sarai na ahadi ya mtoto. Isome leo ukimwangalia Hajiri. Yeye ni binti wa kazi. Ametoka Misri, anaishi katika nyumba isiyo ya kwao, na mwili wake unaamuliwa na wenye nyumba. Akapata mimba humohumo ndani, mambo yakageuka, akateswa, akakimbia. Tena angalia jambo hili: katika sura hiyo Abramu na Sarai wanapozungumza juu yake hawamtaji kwa jina hata mara moja. Kwao ni mjakazi tu. Wa kwanza kumwita Hajiri ni malaika wa Bwana, na anamwita akiwa jangwani, kando ya chemchemi, kwenye njia ya Shuri. Yaani barabarani.

Wanasingida hawahitaji kuelezwa habari ya binti wa kazi. Kwa miaka mingi mkoa huu, pamoja na Dodoma na Iringa, umepeleka mabinti wake Dar es Salaam na miji mingine kufanya kazi za ndani. Anakuja mtu anayefahamika, anaahidi mshahara na pengine cherehani, binti anapanda basi. Wengi wanakutana na waajiri wema. Wengine wanakutana na ya Hajiri, wakati mwingine katika nyumba zenye kalenda ya kanisa ukutani. Mimba ikionekana anapewa nauli, au hapewi. Akipewa, anarudi akiwa na aibu, na anajua nyumbani hakuna wa kumpokea kwa vigelegele. Basi anashukia njiani.

Na njia ya Singida ni ndefu. Malori ya Rwanda, Burundi na Kongo yanapita mchana na usiku, kutoka Manyoni hadi Ikungi, Singida mjini, Iguguno, Misigiri mpaka Shelui. Kila yanapolala malori pana gesti, na penye gesti pana baa, na baa inahitaji wahudumu. Ongeza machimbo ya dhahabu. Iramba wanayajua tangu Wajerumani walipochimba Sekenke mwanzoni mwa karne iliyopita, na sasa yako Ikungi. Mhudumu wa baa hupewa mshahara mdogo sana, pengine posho tu na mahali pa kulala. Kinachobaki anatakiwa akipate kwa wateja.

Hapo ndipo pombe inapoingia, na naomba tuielewe vizuri, maana sisi wahubiri tunapenda kuisema kwa haraka. Kwa binti huyu pombe mara nyingi haikuanza kama starehe. Mteja akinunua lazima inywewe, ndiyo sehemu ya kazi. Baadaye anagundua kwamba akiwa amekunywa usiku unapita upesi na mambo fulani hayaumi sana. Kisha kuna siku anaamka mikono inatetemeka, na bila toti moja asubuhi hawezi hata kufagia. Wengine wanaongeza bangi, na wachache, hasa waliowahi kuishi Dar es Salaam au Tanga, wameonja unga. Viroba vilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Machi 2017, na ilikuwa hatua njema. Lakini gongo haikuhitaji kiroba, na chupa ndogo za bei nafuu zilikuja.

Pombe yenyewe haibebi virusi vya UKIMWI. Inachofanya ni kumnyang'anya binti zile dakika mbili za kuamua. Mteja anaongeza hela ili asitumie kondomu, na aliyelewa hana nguvu ya kubishana. Au hakuna makubaliano yoyote: anapelekwa chumbani hajitambui. Tuseme wazi, binti aliyelewa hadi hajitambui hakukubali chochote, na anayemfanyia hivyo ni mhalifu hata kama alinunua bia zote za usiku ule. Halafu asubuhi anasahau vidonge, anasahau tarehe ya kliniki, anaogopa kwenda zahanati akiwa ananuka pombe. Kama kuna sindano ya dawa za kulevya inayopita kutoka mkono hadi mkono, hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu hapo virusi vinaingia moja kwa moja kwenye damu.

Singida si miongoni mwa mikoa inayotajwa kwa maambukizi makubwa. Hiyo ni Njombe na jirani zake. Ndiyo maana tunalala usingizi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha kwamba Watanzania wapatao 60,000 wenye umri wa miaka 15 na kuendelea huambukizwa kila mwaka, na kasi ya maambukizi mapya kwa wanawake ni zaidi ya mara mbili ya ile ya wanaume. Idadi hiyo haigawanywi sawa kwa watu wote. Inakwenda kwa wale ambao njia inapita juu yao.

Kesho yake kwenye semina niliwaeleza wazee kuhusu yule binti. Mzee mmoja ambaye namheshimu sana alisema, "Mchungaji, wale wakiacha pombe waje. Milango ya kanisa iko wazi." Wengi walitikisa vichwa kukubali. Na mimi, nikiri, miaka kumi iliyopita ningesema hivyohivyo. Mama mmoja wa idara ya wanawake, aliyekuwa ameketi nyuma, akaomba nafasi. "Mzee wangu, shikamoo. Ulipougua kifua mwaka juzi, daktari alikwambia uache kwanza kukohoa ndipo uingie?" Wazee walicheka. Yeye hakucheka.

Mpendwa msomaji, kuna ushahidi kwamba mama yule yuko sawa, na umetoka hapahapa Tanzania. Mwaka 2000 watafiti wa afya huko Mbeya, mkoa mwingine wa barabara kuu, waliwaandikisha wahudumu wa baa na gesti 600. Hali waliyoikuta ilikuwa nzito: zaidi ya nusu ya wanawake hao walikuwa tayari wana virusi. Kila baada ya miezi mitatu waliwapima, wakawatibu magonjwa ya zinaa bila malipo na kuzungumza nao kwa faragha. Hakuna aliyeambiwa kwanza aache kazi ya baa. Mwanzoni, kati ya kila wanawake 100 ambao hawakuwa na virusi, takribani 14 walikuwa wakiambukizwa kwa mwaka. Baada ya miaka miwili na kidogo ya huduma hiyo kiwango kilishuka hadi 5. Hata watano ni wengi mno. Lakini toa tano kwenye kumi na nne uone mabinti wangapi.

Waliwekwa karibu, wakaitwa kwa zamu, wakajulikana kwa majina. Ndivyo kanisa linavyoendesha jumuiya ndogondogo. Sisi tunajua kufanya hivyo.

Sasa nikueleze kilichopo, maana inawezekana una binti, mdogo wako au jirani anayehitaji kusikia haya kutoka kwako. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kupima bila kusubiri ruhusa ya mzazi, na mtu anaweza kujipima mwenyewe. Kuna dawa kinga ambayo wahudumu wa afya wanaiita PrEP. Ni kidonge anachomeza kila siku mtu asiye na virusi ili asiambukizwe. Na kuna dawa ya dharura, PEP, kwa aliyebakwa au aliyekutana na hatari: aianze mapema iwezekanavyo, isizidi saa 72, na aimeze kwa siku 28. Narudia saa 72 kwa sababu mabinti wengi hutumia siku tatu hizo wakilia na kuficha. Apelekwe hospitali kwanza. Maswali ya alikuwa wapi na kwa nini alikunywa yanaweza kungoja, na mengine hayana haja ya kuulizwa kabisa. Kama ni mtoto, namba 116 hupigwa bure.

Liko jambo moja ambalo limewaponza wengi. Wanaotumia dawa za kufubaza virusi, na hata hao wa dawa kinga, huambiana mitaani kwamba ukinywa pombe usimeze dawa, vitapigana tumboni. Basi Ijumaa hadi Jumapili dawa inakaa kwenye mkoba. Si kweli kwamba aliyekunywa anatakiwa aruke dawa yake. Pombe ina madhara yake, na kuipunguza au kuiacha ni heri, lakini kuruka dawa ndiko kunakofungua mlango. Ameze dawa yake, hata siku aliyoanguka.

Ukiwaza ugumu wa kidonge cha kila siku kwa mtu ambaye hajui leo atalala wapi, utaelewa kwa nini nilifurahi mwaka 2024. Mwezi Juni yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika Uganda na Afrika Kusini kuhusu sindano ya lenacapavir, inayochomwa mara mbili tu kwa mwaka. Wasichana na wanawake vijana 2,134 walipewa sindano hiyo. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa wakati wa utafiti. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Mara mbili kwa mwaka, ndugu zangu. Hata Pasaka na Krismasi zingetosha kumkumbusha mtu.

Lakini furaha yangu haikudumu. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ilipolegeza kidogo mwanzoni mwa Februari, fedha zake za dawa kinga ziliruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Soma tena. Ili binti wa barabarani alindwe kwa fedha hizo, ilibidi kwanza apate mimba. Silaumu walipa kodi wa nchi nyingine. Wametusaidia kwa zaidi ya miaka 20. Ninajiuliza sisi tulikuwa wapi. Singida ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyofikiwa na mradi wa Timiza Malengo, kwa fedha za Mfuko wa Dunia na uratibu wa TACAIDS, uliowalenga wasichana balehe na wanawake vijana. Jina zuri. Sadaka yetu ya mavuno, magunia ya alizeti na vitunguu tunavyoleta madhabahuni kwa nyimbo, imewahi kutimiza lengo gani la binti wa namna hii?

Najua makanisa yetu hatukubaliani kuhusu kondomu, na sitaamua ugomvi huo hapa. Lakini makanisa yaleyale yamejenga Makiungu, Iambi, na Mtakatifu Gaspar pale Itigi. Wamisionari na masista walifungua milango ya hospitali bila kuuliza mgonjwa ameugulia wapi. Hatujakosa mafundisho wala mfano. Tunachokosa pengine ni uvumilivu kwa mgonjwa anayerudi akiwa amelewa tena.

Na liko tunalolifanya kwa mikono yetu wenyewe. Binti wa kwaya akipata mimba, anaondolewa kwaya. Katika makanisa mengi anatengwa, kisha siku moja anasimamishwa mbele ya watu wote kutubu. Kijana aliyempa mimba mara nyingi yuko kwenye ngoma au kinanda siku hiyohiyo. Serikali ilikuwa na ukali wa namna hii shuleni, na Novemba 2021 ikatangaza kwamba wanaoacha shule kwa ujauzito wanaweza kurudi. Shule imefungua. Nimehudhuria mabaraza ya wazee kwa miaka mingi, na sijawahi kusikia tukijadili kwamba binti tuliyemtenga Machi alikuwa ameshaajiriwa baa ifikapo Juni. Tunaandika kwenye daftari "ametengwa," tunakwenda ajenda inayofuata, ukarabati wa bati.

Katika Mwanzo 16 kuna sehemu inayonisumbua, nami sitaipita kimya. Malaika anamwambia Hajiri arudi kwa bibi yake. Maneno hayo yametumiwa kuwarudisha mabinti na wake katika nyumba zinazowaua. Mimi simwambii binti yeyote arudi alikoumizwa kwa sababu ya mstari huo, na nakuomba na wewe usimwambie. Endelea hadi sura ya 21. Safari hii Hajiri anafukuzwa kabisa, na mkate na kiriba cha maji begani. Maji yanaisha. Anamlaza mwanawe chini ya kijiti na kukaa mbali asimwone akifa. Mungu hamwambii arudi. Anamfumbua macho, anaona kisima.

Kisima kilikuwapo. Hilo ndilo limekaa moyoni mwangu tangu usiku ule. Maandiko hayasemi Mungu alichimba kisima kipya. Yanasema Hajiri alikiona. Kutoka baa ile nilipokula kuku hadi kituo cha afya hapahitaji basi. Lakini kuna umbali mwingine. Kuna muuguzi ambaye pengine ni mwanakwaya, atakayemwangalia kuanzia kichwani hadi kwenye sketi. Kuna foleni yenye mama wanaomfahamu mama yake. Kuna saa za kliniki zinazoanza wakati yeye ndiyo kwanza amelala. Wale 600 wa Mbeya walifumbuliwa macho na mtu aliyekuwa tayari kuwaona kila baada ya miezi mitatu.

Katika semina ile tulikubaliana mambo machache, na sitayapamba. Mama wa idara ya wanawake na wenzake wawili watawatembelea wahudumu wa baa za kata yao mchana, kabla ya wateja, bila trakti na bila kipaza sauti. Wataongozana na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Fungu dogo la sadaka litatengwa kwa nauli za kliniki na nauli za kurudi nyumbani kwa wanaotaka kurudi. Suala la kutenga mabinti wajawazito lilizua ubishi mkali, tukaliahirisha. Mzee wangu wa "wakiacha pombe waje" hakubadilisha msimamo. Lakini wakati wa chai alinivuta pembeni, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ana mjukuu ambaye hajapiga simu nyumbani tangu mwaka juzi. Mara ya mwisho alisikika yuko Kahama.

Nilirudi na basi la mchana. Tulipofika Manyoni nilimwomba kondakta dakika tano, nikaenda pale. Viti vilikuwa vimepinduliwa juu ya meza na binti mwingine alikuwa anapiga deki. Nilimsalimia, nikamwuliza jina lake, akanitajia huku akinitazama kwa wasiwasi kidogo. Nikamwuliza yule mwenzake aliyekuwa zamu juzi usiku.

"Yupi, baba?"

Nikajaribu kumweleza: mwembamba, mweusi, anapiga goti anaponawisha.

"Sisi hapa tunabadilikabadilika," alisema. "Alikuwa anaitwa nani?"